Wawili, Mto Zambezi na Bahasha ya Kasino: Safari ya Taratibu kutoka Mbeya

Kwa mtu wa Mbeya, Iringa au Njombe anayetafuta mji wa mtoni wa kupumzika na mwenzake, wenye boti za jioni na kasino ya kuchungulia usiku, njia haielekei baharini. Inaelekea Tunduma. Ukivuka mpaka na kuikata Zambia kutoka kaskazini-mashariki hadi kusini kabisa, unafika Livingstone. Na ng'ambo ya daraja la Zambezi uko mji mdogo wa Victoria Falls, upande wa Zimbabwe. Miji hii miwili inagawana maporomoko yaleyale. Wenyewe wanayaita Mosi-oa-Tunya, na Mswahili hahitaji mkalimani kwa neno la kwanza: ni moshi, moshi unaonguruma.

Safari hii huharibiwa na vitu viwili, haraka na pesa isiyotengwa. Watu wanafika wamechoka, wanalala usiku mbili, wanakimbizana na kila kivutio, wananuniana mbele ya meza ya kasino, wanarudi na deni. Dawa yake huanza kabla ya kupanda kosta ya Tunduma.

Tenga siku tisa. Mbili za kwenda, tano za kukaa, mbili za kurudi. Siku za barabarani usizihesabu kuwa mapumziko, kwa sababu si mapumziko. Mwenye siku sita tu aende zake Matema, akae kando ya Ziwa Nyasa, ale samaki. Akilazimisha Livingstone atakumbuka kiti cha basi kuliko mto.

Kuhusu msimu, Juni na Julai zinatufaa watu wa nyanda za juu kwa njia zote. Mpunga wa Usangu na Kyela umeshavunwa, Mbeya kuna baridi la kukimbiwa, na Zambezi bado ina maji mengi. Aprili mto ndipo unapojaa kupita wakati wowote, lakini huo ni mtego: mvuke unapanda mnene kiasi kwamba unasimama mbele ya maporomoko makubwa hivyo na kuona ukungu mweupe tu, huku ukilowa mpaka soksi. Oktoba na Novemba ni kinyume chake. Upande wa Zambia unabaki mwamba mtupu kwa sehemu kubwa, joto linapita nyuzi 35, na mtu aliyezoea ubaridi wa Uyole anashinda amelala chini ya feni. Ukilazimika kwenda miezi hiyo, panga kuyaona maporomoko kutoka Zimbabwe, ambako maji hayakatiki. Na ukiweza, chagua tarehe ziangukie mwezi mpevu. Maji yakiwa mengi, mwanga wa mwezi hutengeneza upinde wa mvua usiku juu ya mvuke, na hifadhi hufunguliwa usiku kwa siku hizo chache. Kwa wawili, hakuna kivutio kingine pale cha kushindana na hicho.

Nyaraka ni chache. Mtanzania haombi viza Zambia wala Zimbabwe, anagongewa muhuri mpakani. Beba pasipoti na kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Ofisa akiiomba nawe huna, mazungumzo yanakuwa marefu na mwisho wake hauujui. Kutoka Mbeya mjini hadi Tunduma ni kilomita zipatazo 110, kosta zipo tangu alfajiri. Wa Iringa na Njombe walale Mbeya kwanza, wasijaribu kuunganisha siku hiyohiyo. Msururu wa malori utakaouona kabla ya mpaka usikutishe, ule ni wa mizigo. Abiria anatembea kwa miguu. Tangu 2019 kituo cha Tunduma na Nakonde ni cha pamoja: maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, na ukienda Zambia unamalizia yote upande wa Nakonde. Kosa la kawaida ni kupita na watu wanaovuka kununua bidhaa, ukajikuta uko sokoni Nakonde bila muhuri. Hapo hakuna anayekusimamisha. Utasimamishwa siku ya kurudi.

Watakaokupokea wa kwanza ni wabadilishaji wa pesa. Wengi ni wafanyabiashara wa kawaida, lakini wachache wanatosha kukuharibia safari, na mchezo wao ni uleule. Anahesabu kwacha mbele yako, polepole, unaona zimetimia. Anakupa. Kabla hujazifunga anasema ngoja, nimekupunja moja. Anazichukua, anahesabu upya, anaongeza noti juu, na wakati anazirudisha kidole gumba kimeshakunja tatu za chini ndani ya kiganja. Kanuni ni moja: pesa ikishaingia mkononi mwako haitoki tena hata akilia. Jambo la pili ni noti zenyewe. Mwaka 2013 Zambia ilikata sifuri tatu kwenye kwacha yake, na noti za zamani za maelfu hazinunui hata andazi. Mwaka 2025 wakatoa noti mpya tena, zikiwemo za kwacha 200 na 500. Kabla ya kubadilisha, ingia dukani Nakonde, nunua maji, uone noti zinazotumika zinafananaje. Nakonde Kiswahili kinaeleweka vizuri, na Wanamwanga wako pande zote mbili, kwa hiyo kuuliza si aibu. Badilisha pale kiasi cha nauli na chakula cha siku mbili tu, nyingine toa kwenye mashine ya benki Lusaka au Livingstone. Pesa iliyoko kwenye simu ya Tanzania ihamishie benki kabla hujatoka. Ukivuka mpaka haitakufaa dukani.

Sasa saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukivuka saa nne asubuhi, Nakonde ni saa tatu. Hiyo ni rahisi. Ngumu ni kwamba wao hawahesabu saa kwa Kiswahili: mkatisha tiketi akisema "siksi" ana maana ya saa kumi na mbili, na tiketi iliyoandikwa 14:00 ni saa nane mchana ya kwao, wakati ambapo Mbeya ni saa tisa. Watu wanaachwa na basi kwa kosa hili. Rekebisha simu palepale mpakani, na wote wawili msome tiketi, si mmoja.

Kutoka Nakonde hadi Lusaka ni kama kilomita elfu moja, kupitia Isoka, Chinsali, Mpika, Serenje na Kapiri Mposhi. Basi halitumii chini ya saa kumi na tatu, na vipande vibovu vya barabara huongeza. Chukueni viti vya katikati, mbali na choo na mbali na matairi ya nyuma. Lusaka mnashukia kituo kikuu cha mabasi, chenye wapiga debe wa kutosha kuchukua begi lako kabla hujasema unakwenda wapi. Liweke mbele ya miguu. Lala Lusaka. Hili halina mjadala. Wanaounganisha usiku huohuo kwenda Livingstone, kilomita nyingine 470 na zaidi, hupoteza siku nzima ya kwanza kwa usingizi na ukali wa tabia.

Kuna wanaopenda TAZARA, na kwa safari ya taratibu ni wazo zuri, kwa sababu mnalala mmenyooka na mnakula mezani. Reli hiyo ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, na kutoka Kapiri mnamalizia kwa basi, kilomita 200 hivi hadi Lusaka. Masharti ni mawili. Kwanza, nenda stesheni ya Mbeya ujue kama treni ya abiria inatembea wiki hiyo na imechelewa kiasi gani. Usipange kitu chochote cha saa maalumu baada yake. Pili, chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne, na wanaume hulazwa mbali na wanawake. Mume na mke wanaotaka kulala chumba kimoja hununua vitanda vyote vinne. Wengi hulijua hilo wakiwa tayari wamesimama mlangoni na mabegi. Ndege kutoka Songwe nayo inakupeleka kwanza Dar es Salaam, yaani mashariki, ndipo ugeuke. Ni ya wenye pesa na haraka, na mwenye haraka hii si safari yake.

Livingstone ni mji wa mtaa mmoja mkubwa, barabara ya Mosi-oa-Tunya, yenye benki, maduka, mikahawa na jumba la makumbusho. Uliwahi kuwa makao makuu ya Rhodesia ya Kaskazini, 1911 hadi 1935, na mabaraza mapana ya majengo yake yanaonyesha hivyo. Maporomoko yako kama kilomita kumi kusini. Hoteli za mtoni ziko mbali na mji na bei yake ni kali. Gesti za mjini ni nafuu na zinatosha. Mpango unaofanya kazi ni kulala mjini usiku wa mwanzo wote, kisha usiku wa mwisho mmoja tu mkahamia mtoni. Mkianza na mtoni, gesti ya mjini itaonekana adhabu. Kabla ya kulipa chumba uliza mambo manne: kina chandarua, kina feni au kiyoyozi, umeme ukikatika wana jenereta au sola, na baa iko umbali gani na dirisha. Livingstone iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, mbu wapo na malaria ipo. Sisi tuliozoea mita 1,700 za Mbeya tunasahau chandarua kwa urahisi sana.

Barabara ya mjini kwenda maporomoko inapita kandokando ya hifadhi, na tembo huivuka. Jioni usitembee kwa miguu pale wala usikubali dereva asimame ili mpige picha. Mtoni penyewe usikae ukingoni kabisa hata kama nyasi zinavutia. Mamba haonekani.

Kwenye maporomoko fikeni asubuhi, jua likiwa nyuma ya bega na makundi ya wageni bado yanakunywa chai. Upana wa ukuta ule wa maji ni mita 1,708 na kimo chake mita 108, lakini takwimu hazikuandai kwa daraja dogo la miguu liitwalo Knife-Edge. Unaliona kavu kwa mbali. Ukifika katikati, upepo unageuka na maji yanakupiga kutoka chini kwenda juu, kama mvua iliyopoteza mwelekeo, na mwavuli haufanyi kazi yoyote. Makoti ya mvua yanakodishwa mlangoni. Yanatosha kwa kifua, si kwa miguu. Vaa kandambili zenye mkanda wa nyuma. Simu iingie kwenye mfuko mdogo wa plastiki wenye zipu, ule wa vipodozi, kwa kuwa mifuko ya kawaida ya plastiki ni marufuku kwetu tangu Juni 2019 na hutaki kuulizwa wakati wa kurudi. Chakula msiingie nacho. Nyani wa pale wanajua sauti ya karatasi ya biskuti, na hawaombi. Wananyakua mfuko wote, na mara nyingi humlenga aliye mdogo kwa umbo kati ya wawili.

Daraja la mpakani, lililofunguliwa 1905, liko mita 128 juu ya maji. Kulitembelea tu bila kuingia Zimbabwe, ofisa wa Zambia anakuandikia kikaratasi cha kupita. Kitunze, ndicho cha kurudia. Kuingia Victoria Falls mjini ni mihuri kamili, kutoka na kuingia. Beba pasipoti halisi, kwa sababu mlango wa hifadhi upande wa Zimbabwe una bei ya raia wa nchi za SADC, na hupewi kwa maneno. Huko dola ya Marekani ndiyo inayotembea zaidi, na kasheshe ni chenji. Mwenye noti ya 50 anayenunua maji ya dola moja atarudishiwa peremende. Nenda na noti za dola moja moja na tano tano, safi, zisizochanika.

Boti ya machweo ifanyeni siku ya pili au ya tatu, si ya kwanza. Inatembea kwa muda wa saa mbili hivi, sehemu ya mto kabla ya maporomoko, mahali ambapo maji yametulia na viboko wanapumua karibu. Uliza mapema bei inajumuisha nini: vinywaji, vitafunwa, usafiri wa kutoka gesti, na ada ya hifadhi. Ada ndiyo huachwa nje ya bei ya kwanza. Kaeni ubavuni, si mbele. Mbele kuna upepo na watu wa picha. Siku hiyo hakuna jambo jingine. Siku moja, jambo moja. Hiyo ndiyo ratiba nzima, na ukiivunja utaona mwenzako anaanza kujibu kwa neno mojamoja.

Sasa kasino. Hapa ndipo pesa na maelewano huenda, kwa hiyo tukae kidogo. Kasino za huku ziko hotelini na mijini, si majumba ya ghorofa hamsini, na hufunguka na kufungwa kwa miaka, hivyo ulizeni mapokezi ipi inafanya kazi. Mlangoni unaonyesha kitambulisho cha kutimiza miaka 18. Kaptula na kandambili usiku vinakurudisha. Simu mezani hairuhusiwi. Pesa unabadilisha kwa chipu, na kwa mtu wa kwetu inabidi kusema: si chipsi mayai, ni vijisahani vya plastiki vya rangi. Kazi yake kubwa ni kukufanya usahau kwamba ile ya kijani ilikuwa nauli.

Wanaojua mkeka wanadhani wanajua kasino. Mkeka unakupa mchana mzima wa kusubiri mechi. Kasino inakupa sekunde. Tazama meza ya ruleti kwa dakika kumi bila kucheza. Mhudumu anazungusha gurudumu upande mmoja, anarusha kigololi cheupe upande wa pili. Kinalia kwenye ukingo wa mbao, mikono ya watu inaendelea kuweka chipu, anapitisha kiganja juu ya meza kufunga madau, kigololi kinapoteza nguvu, kinagonga vizuizi mara tatu nne, kinatua. Anaweka kialama kidogo juu ya namba iliyoshinda, anafagia vilivyopotea kwa mkono mmoja, analipa kwa mwingine, anaanza tena. Meza yenye watu huzunguka kama mara 40 kwa saa.

Gurudumu lenye sifuri moja lina vijishimo 37: vyekundu 18, vyeusi 18 na sifuri. Namba moja ikikubali unalipwa 35 kwa 1. Haki ingekuwa 36. Hiyo moja inayokosekana ndiyo inayolipa taa, mazulia na mshahara wa mhudumu: katika kila kwacha 1,000 zinazopita mezani, 27 hubaki kwa mwenye nyumba kwa wastani. Gurudumu lenye sifuri mbili lina vijishimo 38 na malipo ni yaleyale, hivyo hubakiza karibu 53. Kwa hiyo jambo la kwanza si kuangalia nani anashinda, ni kuangalia gurudumu lina sifuri ngapi. Likiwa na mbili, nenda kanywe soda.

Chukua dau la kwacha 20 kwenye nyekundu, saa mbili, mizunguko 80. Zimepita mezani kwacha 1,600, na gharama ya wastani ni kama 43. Jioni yenyewe itayumba, kushinda au kupoteza 200 ni kawaida kabisa, ila bahasha yenye madau 20, yaani kwacha 400, itafikisha watu wengi mwisho wa saa mbili. Huo ndio ukubwa wa bahasha: dau mara 20. Watu huanza na madau matano, wanaishiwa dakika ya kumi na tano, ndipo kadi ya benki inatoka.

Mashine za kubonyeza zinaonekana za bei rahisi kwa sababu dau ni kwacha 2. Hesabu yake ni hii. Mtu anayebonyeza kila sekunde sita anabonyeza mara 600 kwa saa, zinapita kwacha 1,200. Mashine ikibakiza 8 katika kila 100, amelipa 96 kwa saa. Yule wa ruleti wa kwacha 20 amelipa kama 22. Mashine ya "kwacha mbili tu" inamla mtu mara nne zaidi ya meza ya ishirini, na huku hana hata wa kuzungumza naye. Na mashine "iliyokaa muda mrefu bila kutoa" haipo; kila bonyezo ni bahati mpya isiyokumbuka lililopita.

Mbinu ya kuongeza dau mara mbili kila ukipoteza utaielezwa na mtu mwenye uhakika mwingi. Ukianza na 10, mfululizo ni 10, 20, 40, 80, 160, 320. Ukipoteza mara sita mfululizo umeshatoa 630, na dau la saba ni 640, ili ushinde kwacha 10. Mara nyingi ubao wa dau la juu unakuzuia kabla ya hapo. Kupoteza mara sita mfululizo hutokea kama mara moja katika kila mifululizo 55, na jioni ya saa tatu ina mifululizo kama 60. Maana yake, ukikaa jioni nzima, uwezekano wa kukutana nayo ni mkubwa kuliko wa kuikwepa.

Karata za ishirini na moja ndizo zenye makato madogo kwa anayejua kucheza, lakini soma kitambaa cha meza. Panapoandikwa 3 kwa 2, karata mbili za kwanza zikikupa 21 dau la 10 hulipwa 15. Panapoandikwa 6 kwa 5 hulipwa 12, na hapo faida yako imekwisha. Kwa asiyejua, kanuni za kuanzia: ukiwa na 17 au zaidi bila karata ya A, simama, ukiwa na 13 hadi 16, simama mhudumu akionyesha 2 hadi 6, omba karata akionyesha 7 au zaidi, ukiwa na 11 au chini, omba. Watazamaji watakulaumu. Waache.

Kwa wawili, makubaliano yafanyike mkiwa bado chumbani. Kila mmoja bahasha yake ya jioni hiyo, imefungwa, na hakuna kukopeshana, hata kwacha tano, hata kwa dakika mbili. Kadi za benki zibaki gesti. Bahasha za chakula, malazi na nauli ya kurudi zihesabiwe kabla ya ya kasino, si baada, na nauli ishikwe na asiyecheza. Wekeni saa ya kutoka, na mtoke wote hata kama mmoja anashinda. Anayeshinda ndiye mgumu kuinuka. Ukiwa umezidisha bahasha mara mbili, rudisha mtaji mfukoni ubaki na faida. Hilo halibadilishi bahati yoyote ya gurudumu, linafupisha usiku tu, na kufupisha usiku ndiyo kazi. Kinywaji cha bure kipo, nacho hulipwa kwa madau.

Mwenzako asipopenda kamari, na kwetu wengi hawapendi kwa imani au kwa kukua vile, usimsimamishe nyuma ya kiti chako. Kusimama nyuma ya mtu anayepoteza ni kazi mbaya kuliko kupoteza. Tengeni jioni mbili tu za kasino kati ya tano. Siku hizo yeye achague kinachofanyika mchana wote, bila wewe kupinga. Jumba la makumbusho, lililoanzishwa 1934, linakula nusu siku vizuri.

Chakula hakina shida. Nshima ni ugali, kapenta ni dagaa, na vitumbuwa vya barabarani utavitambua kwa macho hata kabla ya jina. Samaki wa Zambezi aagizwe mzima, akaangwe mbele yenu ikiwezekana. Salamu ya "muli bwanji" inafungua milango Lusaka na hata Livingstone, ingawa Watonga watafurahi zaidi ukiwasalimia kwa lugha yao.

Siku ya mwisho ya kukaa msiweke chochote. Fueni nguo, lipeni chumba jioni, nunueni tiketi ya Lusaka kwa mkono wenu wenyewe kituoni. Kwacha mtakazobaki nazo ziwe noti, kwa sababu sarafu hakuna anayezibadilisha Tunduma; zimalizieni Nakonde kwa maji na ndizi. Mkivuka, saa inarukia mbele: saa kumi jioni ya Nakonde ni saa kumi na moja ya Tunduma, na kosta za Mbeya zinaanza kupungua giza likiingia. Sweta liwe juu ya begi, si chini. Mkifika Mbalizi mtalihitaji.